Umefika Ngapi? Kasi ya Gita na Sikio la Mombasa

"Ami, wewe umefika ngapi?"

Kijana aliyeniuliza alikuwa ameketi juu ya ukuta wa bahari pale Mama Ngina, gita mapajani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya maji. Nilidhani aniuliza umri. Kumbe aniuliza mapigo kwa dakika. Yeye amefika mia na themanini, na kabla ya mwezi wa Ramadhani anataka awe amegusa mia mbili. Ile simu ilikuwa ikigonga tak, tak, tak, na katika kila tak yeye akitia noti nne, akipanda na kushuka ngazi ileile ya noti kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wenzake wawili walikuwa wakimrekodi. Muuza mihogo alimtazama kidogo, akarudia karai yake.

Nilimjibu kwamba sijui nimefika ngapi. Nimepiga gita la rithimu kwenye bendi za hoteli kwa miaka mingi, kuanzia Shanzu hadi Diani, na katika miaka hiyo yote sikuulizwa swali hilo na meneja, wala bibi harusi, wala mlevi. Aliniangalia kwa huruma. Nikaenda zangu, lakini swali likanifuata hadi kwenye feri ya Likoni, kwa sababu nilijua jibu langu lilikuwa la kukwepa.

Mjadala wa kasi kwenye gita una pande mbili, na zote mbili zanichosha. Kuna hawa vijana wa kuhesabu, ambao muziki kwao umekuwa kama mbio za mita mia. Na kuna wazee wenzangu, ambao wakiona vidole vinakimbia husema haraka haraka haina baraka, wakamtaja B.B. King, yule mpiga blues wa noti chache, wakaagiza kahawa nyingine. Methali haimalizi hoja. Mbona tuna pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na sijasikia hata siku moja mtu akiitumia kumtetea mpiga gita mwenye mbio? Halafu kuna jambo ambalo sisi wazee hatulisemi kwa sauti: wengi wetu tunaoidharau kasi hatukuwahi kuwa nayo. Ni sizitaki mbichi hizi.

Mimi naamini kasi ina thamani kubwa. Ila nadhani tumezoea kuipima mahali pasipo pake, kwenye vidole vya mtu mmoja, ilhali anayeipokea ni sikio la mwingine, tena mara nyingi anaipokea kutoka kwa watu watatu au wanne kwa pamoja.

Tuanze na hesabu za kijana mwenyewe. Mapigo 180 kwa dakika ni mapigo matatu kwa sekunde. Kila pigo likibeba noti nne, zinakuwa noti 12 kwa sekunde. Sasa chukua uzi mnene kabisa wa gita, E ya chini. Ukipigwa bila kubanwa hutetema kama mara 82 kwa sekunde. Gawanya kwa 12: kila noti inapata mitetemo isiyotimia saba kabla haijafukuzwa na inayofuata. Uzi mwembamba, E ya juu, hutetema kama mara 330, na huko noti inapata mitetemo 27 hivi. Sikio lahitaji muda, hata kama ni mdogo sana, ili litambue hii ni noti gani. Kwa hiyo mbio zilezile zikipigwa juu zinasikika kama shanga zilizomwagika kwenye sinia, na zikipigwa chini zinasikika kama meza inayoburutwa sakafuni. Sidhani ni bahati tu kwamba wapiga solo wa Kikongo hukaa juu kabisa kwenye shingo ya gita, karibu na tumbo lake, wakati wa kuchangamsha watu. Kule juu ndiko kasi inakosikika. Na ukizidi kuongeza mbio, ukafika kama vishindo ishirini kwa sekunde, sikio huacha kuhesabu kabisa. Vishindo huungana vikawa mvumo mmoja, kama mabawa ya mdudu.

Jengo nalo lina usemi wake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 17 mbele yako hukurudishia noti yako baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa mia na themanini, noti ya kwanza inarudi kutoka ukutani wakati ya pili imeshapigwa na ya tatu iko njiani. Chini ya paa la makuti hili si tatizo kubwa, makuti humeza sauti. Wanaopiga hotelini ufuoni wamedekezwa na makuti bila kujijua. Wapeleke kwenye ukumbi wa saruji na mabati uone.

Hili mimi nililijua kwa aibu kabla ya kulijua kwa hesabu. Katikati ya miaka ya tisini bendi yetu ilikodiwa kwenye harusi moja Changamwe, ukumbi wa kuta tupu na mabati yasiyo na dari. Mpiga solo wetu alikuwa kitandani na malaria, nikasogezwa mimi. Nilikuwa nimeshinda miezi nikijifunza kutoka kwenye kaseti za rock, nikisimamisha na kurudisha nyuma hadi vitufe vya redio vikalegea, na usiku ule niliona Mungu amenifungulia mlango. Ulipofika wakati wa solo, nikafungulia na mimi. Mzunguko wa kwanza watu walipiga makofi. Wa pili nikaona mabega yametulia. Wa tatu wachezaji walikuwa wamesimama wakinitazama, wengine wameshika soda. Mzee wetu wa besi, mtu wa Rabai asiyependa maneno mengi, akanisogelea akaniuliza sikioni:

"Mwanangu, wafukuzwa na nani?"

Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Aliyaacha mapambo yake yote akabaki na noti mbili tu, akizirudia palepale, nzito, hadi nikaona haya nikashuka. Watu walikuwa wameanza kucheza tena hata kabla sijamaliza kushuka.

Kuna jamaa aliyerekodi usiku ule. Wiki iliyofuata niliisikiliza kaseti nikitafuta makosa, sikuyapata. Noti zilikuwa sahihi, zote. Hilo ndilo lililoniuma, maana kosa ningeweza kulirekebisha.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ukiwauliza watu wa hapa Mombasa ni muziki gani wa gita wenye kasi, hawatakutajia rock. Watakutajia sebene la Kikongo, ile sehemu ya wimbo magita yanapochangamka watu wacheze, au benga ya Waluo. Na hawakosei. Lakini kaa karibu na bendi inayopiga sebene vizuri, umtazame mpigaji mmojammoja: mara nyingi utakuta hakuna anayekimbia kama yule kijana wa Mama Ngina. Kuna solo, kuna rithimu, na kati yao kuna gita la tatu, lile Wakongo waliloliita mi-solo, linaloziba mapengo. Tuseme kila mmoja anapiga noti nne tu kwa sekunde, mwendo ambao hata mwanafunzi wa miezi sita anauweza, ila kila mmoja anaingia pale mwenzake alipoacha nafasi. Sikio linapokea 12. Hesabu ileile ya kijana, na hakuna aliyetoka jasho. Si kila wimbo unagawika sawasawa namna hii, lakini ndiyo kanuni yake.

Na hizi 12 za watu watatu si sawa na 12 za mtu mmoja. Mtu mmoja akikimbia kwenye uzi mmoja, kila noti mpya huikata iliyotangulia. Haiwezekani zikalia pamoja. Watatu wakigawana, noti ya rithimu inaendelea kulia wakati mi-solo inaingia, na solo inaelea juu yao. Unapata wingi pamoja na nafasi. Ndiyo sababu mtu anaweza kucheza sebene dakika kumi bila kuchoka masikio, na kaseti yangu ya Changamwe haivumiliki kwa dakika moja.

Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, wimbo ambao bado unapigwa kwenye matatu za mjini humu kana kwamba umetoka juzi. Ukiuliza watu nani anapiga pale, wengi watakuimbia rithimu ya Omar Shabani kabla hawajakumbuka solo. Kwa kipimo cha metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ni mwendo wa kutembea. Lakini ule ufumaji wa rithimu na besi una kitu kinachosukuma mbele, na mguu wako unakimbia wakati hakuna gita linalokimbia. Mbaraka Mwinshehe, ambaye ajali ya gari ilimchukua hapahapa Mombasa Januari 1979, alilijua hilo vilevile. Vidole vya kukimbia alikuwa navyo, lakini aliiacha rithimu ipite mbele yake, ndipo akaingia.

Wakati mwingine hata huo ufumaji wa watu watatu unaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga, Kongo, akipiga "Masanga", na tangu hapo watu wameshindwa kuamini kwamba ni gita moja. Bosco alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Gumba chini, shahada juu, vikipishana. Siri yake moja iko kwenye sikio letu: likipokea noti za juu na za chini zikipishana upesi, hulazimika kuzigawa katika mikondo miwili, kana kwamba wapo wapigaji wawili. Zipunguze mwendo sana na mikondo inaungana tena, unabaki na mtu mmoja anayerukaruka juu na chini. Wapigaji wa amadinda, marimba ya mbao ya huko Buganda, wanafanya jambo la ukoo huohuo: wawili wanaoshonana kwa kasi, na msikilizaji anasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga.

Hapo basi ndipo ninapoachana na wazee wenzangu. Mwendo wa "Masanga" si pambo. Ukiuondoa, muziki wenyewe unabadilika ukawa mwingine. Kasi pale inafanya kazi ambayo upole hauwezi kuifanya.

Benga inatuongezea jambo jingine. Wapiga benga wa mwanzo walichukua mengi kutoka kwa nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji wake hudonoa nyuzi kwa mikono huku mguu ukigonga pete ya chuma kwenye ubao na njuga zikilia. Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz yake walilihamishia gita mdonoo huo, noti mojamoja, upesi, bila kuzipaka mafuta. Na nyatiti hurudia. Kifungu kifupi kinazunguka, kinazunguka, kisha kinabadilika noti moja, na hiyo moja inasikika kama habari. Diblo Dibala, aliyepewa jina la Machine Gun kwa sababu ya vidole vyake, alifanya vivyo hivyo kwenye soukous, dansi ya Kikongo, kule Paris miaka ya themanini. Ana mbio kweli. Lakini msikilize: kifungu kimoja mara nne, mara nane, ndipo anakihamisha. Mzunguko wa kwanza sikio limeachwa nyuma. Wa pili limeshika. Wa tatu linakwenda naye sambamba, na kuanzia hapo msikilizaji naye anaona kama ana mbio. Mimi Changamwe sikurudia kitu. Kila mzunguko nilikuja na ngazi mpya, nikiwaonyesha watu vyote nilivyonavyo kama mchuuzi wa Kongowea siku ya kufunga duka.

Chakacha, ngoma yetu ya pwani ya kukata kiuno, nitaigusa kwa haraka, maana wenyewe mnaijua. Mapigo yake ni ya sita, yakigawanyika mara tatu tatu mara mbili mbili, na kiuno kinakaa hapo katikati. Mpiga gita akiingia na noti nne nne zilizonyooka kama rula, hata akizipiga polepole, kiuno kinapotea. Kwa hiyo si kweli kwamba polepole ndiyo salama.

Kasi inayonivutia kuliko zote hapa mjini hata hivyo haiko kwenye gita. Iko kwenye udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Marehemu Zein L'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kuishi na kufariki Mombasa mwaka 2016, angeweza kuanza kwa takasimu, utangulizi wa kubuni papo hapo, peke yake, bila ngoma, bila mtu kujua pigo liko wapi. Udi una ila moja: noti yake haikai. Ukiudonoa, sauti inatoka, inashuka, imekufa. Mwimbaji anaweza kuvuta neno hadi pumzi iishe, mpiga fidla anaweza kuvuta upinde, lakini mwenye udi afanye nini akitaka noti moja ibaki hewani huku mtu akiwaza? Anaipiga upesi upesi, juu chini juu chini, noti ileile, hadi mapigo yanaungana kuwa sauti moja inayotetemeka. Mkono wa kulia unakwenda kwa mbio ambazo yule kijana angezihusudu, na unachokisikia wewe ni kitu kilichosimama. Ni sauti ya mtu aliyekataa kuondoka.

Taishokoto hali kadhalika, kile chombo cha Kijapani chenye vitufe kama taipureta, ambacho nyimbo za taarabu za Bi Zuhura Swaleh zilikifanya kiwe cha nyumbani hapa. Nacho noti zake ni fupi, nacho huponywa kwa mkono wa mbio. Na gita la Kihispania lina njia yake: gumba linashika besi huku vidole vitatu vikiugonga uzi mmoja kwa zamu. Francisco Tárrega aliandika "Recuerdos de la Alhambra" karibu yote kwa namna hiyo, na anayeisikia mara ya kwanza haambiwi kwamba mkono umo mbioni, anasikia maji. Nimewahi kumwonyesha mpiga gita mmoja wa hoteli jinsi ya kufanya hivyo kwenye wimbo wa polepole wa taarabu. Akasema, "Lakini hapo watu hawataona kama najua." Alikuwa na haki. Hawataona.

Nisije nikaonekana naibeza furaha ya kuona. Mshangao nao ni hisia, tena ya halali. Desemba 1980 Paco de Lucía, John McLaughlin na Al Di Meola walirekodiwa San Francisco wakipiga magita matatu yasiyo ya umeme, na kwenye rekodi hiyo unawasikia watazamaji wakipiga mayowe kila mbio zinapopita, kama watu wa Tononoka mpira unapogonga mwamba. Ni upuuzi kuwaambia watu wale hawakuhisi kitu. Walihisi walichohisi. Shida ya mshangao ni kwamba hauna akiba: wa kwanza ni mkubwa, wa pili nusu yake, wa tatu watu wanatafuta soda. De Lucía alilijua, ndiyo maana mbio zake zilishuka kila mara kwenye pigo la flamenko, zikatua mahali ambapo mpiga makofi alikuwa akizisubiri. Aliondoka kwa kasi ili apate kufika.

Nimrudie kijana sasa, maana sikumtendea haki. Anachokifanya, kujifunza mbio, ni jambo la busara, hata kama anakifanya kwa sababu zisizo za busara. Mkono unaoweza noti 12 kwa sekunde ukipewa sita unazipiga umelala. Na mkono uliolala una sauti nzuri. Mpigaji ambaye kikomo chake ni saba akipewa sita anakaza kiwiko, anapandisha bega, anabana uzi hadi noti inapanda juu kidogo ya mahali pake, na msikilizaji, bila kujua kwa nini, anasikia mtu mwenye wasiwasi. Hiyo ni sababu nzuri kuliko zote za kutafuta kasi, na ni ya kutafuta kitu ambacho pengine hutakitumia. Nahodha mwenye tanga kubwa hajalazimika kulifungua lote.

Lakini anaitafuta kwa njia ngumu. Nilimtazama vizuri siku ile. Bega la kulia lilikuwa limepanda karibu na sikio. Kidole cha pete kila kikiachia uzi kiliruka juu kama kimeungua, kisha kikalazimika kusafiri safari nzima kurudi. Mbio huwa hazikwami kwa sababu vidole ni vizito. Hukwama mikono miwili isipokutana, wa kulia umepiga na wa kushoto bado haujabana, na baina yao inatoka sauti ya kitambaa kinachochanika. Hilo haliponi kwa kuongeza mapigo. Unarudi hadi 60, unatazama kila kidole kinakwenda umbali gani, unapunguza umbali, unapunguza nguvu, na wiki mbili baadaye kasi imekuja yenyewe kutoka mlango wa nyuma. Django Reinhardt, mpiga gita wa jazz, aliungua kwenye moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki havifai kitu kwa solo, na kwa viwili vilivyobaki akawaacha nyuma wenye vinne. Hakuwa na kidole cha kupoteza safari.

Na ile programu ya simu? Sina ugomvi nayo. Ila inafaa kukumbuka kwamba Maelzel alipokisajili kifaa chake cha metronomu mwaka 1815 kilitumika kumwambia mpigaji mtunzi alitaka mwendo gani. Beethoven alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika nambari hizo kwenye kazi zake. Nambari ilikuwa maelekezo ya kufika nyumbani kwa mtu. Leo imekuwa nambari ya jezi.

Video za mtandaoni zimechangia, na hapo sina la kusema ambalo hujalisema mwenyewe: sekunde thelathini, hakuna besi, hakuna ngoma, hakuna mtu wa kucheza, kidole kinaonekana kuliko kinavyosikika. Katika hali hiyo hata mimi ningekimbia.

Kuna la bendi za hotelini ambalo linanihusu zaidi. Tangu "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms itoke mwaka 1982, mgeni akifika ufuoni anautarajia mwendo ule, wa jua na mawimbi, na sisi tumempa usiku baada ya usiku. Ni wimbo uliopigwa kwa utulivu mkubwa. Lakini nimeona bendi, na nimekuwa ndani ya bendi, zikiuongeza mwendo kila mwaka kidogo kidogo, kwa sababu tumeuchoka na tunataka uishe. Hiyo ni kasi ya aina nyingine kabisa, na mgeni anaisikia. Anadhani ni furaha. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani hii aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga gita la umeme nchini, alipiga nyimbo zake kama mtu ambaye hana feri ya kuwahi. Sijui kama sisi tuliokuja baadaye tulichoka mapema, au tulilipwa vibaya. Nadhani ni hilo la pili.

Nilimwona tena kijana wiki iliyopita, palepale ukutani. Nilibeba gita langu. Sikumhutubia. Nilimwambia tu, mwanangu, nipe noti sita za juu, zozote, uzizungushe usiziache hadi nikwambie. Nikaweka rithimu chini yake, mwendo wa kawaida, sikuupima. Dakika ya kwanza alionekana kuchoka usoni, macho yanaitafuta simu. Dakika ya tatu akaanza kuchelewesha noti ya tano kidogo, mwenyewe, bila kuambiwa, na ile nafasi aliyoiacha ikaniingiza mimi. Muuza mihogo akageuka. Mmoja wa wale wenzake akaweka simu mfukoni akaanza kupiga makofi, si kwenye pigo, baina ya mapigo, kama walivyozoea nyumbani kwao.

"Ami, hii ni ngapi?" akauliza, vidole havijasimama.

Nikamwambia aangalie kidole chake cha pete, kinaruka tena.

Jumamosi ijayo ana harusi Kisauni, bendi yao haina mtu wa rithimu, ameniomba. Nimemwambia nitakuja nikipata waya mpya za E na B. Hizi zangu zimeshashika kutu; kwa hii chumvi ya bahari, uzi haukai hata mwezi.